Mbwa Koko na Vijana wa Kabete
Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa wa pembezoni mwa Nairobi. Wakati huo Pumwani haijajengwa bado, wala Kaloleni, wala Jericho. Kwa miaka mingi mbwa koko waliuawa kwa risasi na sumu. Lakini penye jaa la taka hapakosi mbwa, na waliokuja baadaye hawakuwa wamechanjwa. Ndipo mwaka 2014 serikali ikaanza mpango wa kuukomesha ugonjwa huu ifikapo 2030, kwa kuchanja mbwa 70 katika kila 100.

Wanafunzi wa udaktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wasomao Kabete, wamejitolea katika uchanjaji huo. Lakini kijana mgeni hamshiki mbwa wa jaani kwa urahisi. Mwenye kumwita akaja ni mtoto ampaye makombo. Na mtoto huyo ndiye aumwaye mara nyingi, na dalili zikishatokea ni nadra sana mtu kupona. Aliyeumwa na aoshwe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile.