Kamandi ya jeshi inapovunjwa, Bunge lina usemi gani?

RAIS wa Marekani ana mamlaka ya kuunda kamandi mpya ya jeshi, kuibadilishia majukumu au hata kuivunja, bila kusubiri kura ya Bunge la Congress. Hata hivyo, ni Bunge hilo linaloidhinisha pesa za kuiendesha, na hapo ndipo mvutano kati ya pande hizo mbili huanzia.

Kamandi inayozungumziwa hapa si kambi wala kikosi kimoja. Ni makao makuu yanayowaongoza kwa pamoja wanajeshi wa nchi kavu, wa majini na wa angani, ama katika eneo fulani la dunia au kwa kazi maalumu.

Mfumo huo unaongozwa na sheria ya Goldwater-Nichols ya 1986. Kwa mujibu wa sheria hiyo, Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi hutakiwa kuchunguza majukumu ya kila kamandi angalau mara moja kila baada ya miaka miwili, kisha kupendekeza mabadiliko kwa Rais kupitia kwa Waziri wa Ulinzi.

Rais naye anapounda kamandi mpya, au anapobadilisha kwa kiasi kikubwa kazi na nguvu za kamandi iliyopo, anapaswa kuliarifu Bunge katika muda usiozidi siku 60 baada ya kufanya hivyo. Wakati wa vita sharti hilo haliwi lazima. Maana yake ni kwamba wabunge wanaweza kupata taarifa rasmi wakati uamuzi umekwisha kutekelezwa.

Kufunga kambi ni tofauti. Sheria huilazimu Wizara ya Ulinzi kuliarifu Bunge mapema kabla ya kufunga kituo chenye nafasi za kazi zisizopungua 300 za raia. Katika awamu kubwa za ufungaji za 1991, 1993, 1995 na 2005, tume huru ndiyo iliyoandaa orodha ya kambi. Bunge liliweza kuikataa orodha hiyo nzima, lakini halikuruhusiwa kuchagua kambi za kuokoa na za kuacha.

MZOZO WA 2010

Tofauti kati ya kamandi na kambi ilizua mzozo mnamo Agosti 9, 2010. Siku hiyo Waziri wa Ulinzi Robert Gates alitangaza kwamba angependekeza kuvunjwa kwa Kamandi ya Majeshi ya Pamoja, iliyokuwa na makao yake Norfolk, jimbo la Virginia.

Kamandi hiyo iliyopewa jina hilo mwaka wa 1999 ilikuwa na jukumu la kuyafunza matawi ya jeshi kupigana kwa ushirikiano. Gates alieleza kwamba ilikuwa na nafasi takriban 2,800 za wanajeshi na raia, pamoja na wanakandarasi wapatao 3,000, na kwamba iligharimu angalau Dola 240 milioni kwa mwaka. Kwa maoni yake, matawi ya jeshi yalikuwa yamekwisha kuzoea kushirikiana, na makao makuu hayo hayakuhitajika tena.

Virginia ilipokea habari hizo kwa ghadhabu. Viongozi wa jimbo hilo, wa vyama vyote viwili, walilalamika kwamba hawakushauriwa, ilhali maelfu ya familia zilitegemea ajira hizo. Baadhi yao walidai kwamba Pentagon ilikuwa ikiikwepa sheria ya kufunga kambi kwa kisingizio kwamba kilichovunjwa ni ofisi tu, wala si kituo.

Mnamo Septemba mwaka huo, kamati za ulinzi za Seneti na za Baraza la Wawakilishi ziliwaita wakuu wa wizara, akiwemo Naibu Waziri William Lynn, kujieleza. Seneta Jim Webb wa Virginia, aliyewahi kuongoza wizara ya jeshi la wanamaji, alikuwa mstari wa mbele kutaka kujua uchambuzi uliofanywa kabla ya tangazo hilo.

Wabunge hawakufua dafu kuuzuia uamuzi wenyewe. Rais Barack Obama aliuidhinisha Januari 2011, na kamandi ikafungwa rasmi Agosti 4 mwaka huo ikiwa chini ya Jenerali Ray Odierno. Hata hivyo, si kila kitu kilichotupwa. Kazi kadhaa za mafunzo na mipango zilihamishiwa kwa Ofisi ya Wakuu wa Majeshi, na sehemu ya nafasi hizo ikasalia huko huko Norfolk na Suffolk.

Wanaotetea mamlaka ya Rais husema kwamba mbunge huona ajira za eneo lake kabla ya mahitaji ya taifa, na kwamba jeshi haliwezi kupangwa kwa kura za wabunge. Wapinzani wao hujibu kwamba uamuzi usiohojiwa huweza kuficha gharama na makosa.

SILAHA YA BAJETI

Silaha kali zaidi ya Bunge ni bajeti. Sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha wa 2026, iliyotiwa saini Desemba 2025, iliwekea masharti matumizi ya pesa kupunguza wanajeshi wa Marekani barani Ulaya chini ya 76,000 kwa zaidi ya siku 45. Bunge halikuandika amri ya kijeshi; lilifunga mkoba hadi lielezwe sababu.

Kwa Wakenya, mambo haya hayako mbali. Kabla ya Kamandi ya Afrika (AFRICOM) kuanza kujitegemea Oktoba 1, 2008, bara hili lilikuwa limegawanywa kati ya kamandi tatu. Kenya ilikuwa chini ya kamandi iliyosimamia Mashariki ya Kati, ilhali jirani yake Tanzania ilikuwa chini ya ile ya Ulaya. Madagascar na Comoro zilihesabiwa upande wa Pasifiki.

Hivyo basi, mabadiliko yanayofanywa Washington huamua ni jenerali yupi anayeshughulikia usalama wa eneo hili, pamoja na kituo cha Manda, Lamu, ambapo Wamarekani watatu waliuawa katika shambulio la Januari 5, 2020.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inasema katika Kifungu cha 239 kwamba vyombo vya usalama wa taifa viko chini ya mamlaka ya kiraia, na Kifungu cha 240 kinataka idhini ya Bunge kabla ya vikosi kutumwa nje ya nchi. Tofauti na arifa ya siku 60 ya Marekani, idhini hiyo hutakiwa kabla ya hatua kuchukuliwa.