Hesabu ya Mbao Chini ya Muuru

Ukishuka Meru kutoka Nanyuki unaingia mjini ukiwa bado msituni. Miti ya Imenti inakusindikiza, mara unakutana na matatu za Makutano.

Ofisa Mwingereza Edward Butler Horne alikuja mwaka 1908 kufungua boma la serikali, miaka miwili baada ya Waingereza kuwashinda Waembu. Wazee walimwita Kangangi, yaani mtu wa kuzurura, maana hakutulia mahali. Alikaa ukingoni mwa msitu, jirani na Mto Kathita. Nani angemlaumu? Maji, kuni na mbao vilikuwa palepale. Wamisionari wa Kimethodisti walipofika Kaaga, jirani na mji, mwaka 1912, nao hawakwenda mbali na miti.

Mti wa kwetu ni muuru. Wazungu waliuita mwaloni wa Meru, ingawa si mwaloni hata kidogo: ni Vitex keniensis, ndugu wa mfudu wa Pwani. Utotoni, tukitumwa maji Kathita, tulipitia chini yake kuokota matunda meusi. Mama hakuuliza mbona tumechelewa. Alisema tu, "Toa ulimi."

Baadaye nikawa seremala. Muuru ukiupiga randa hauna kiburi. Unatoa maganda marefu, na ubao unabaki na rangi ya chai iliyopoa, umechorwa mistari ya giza. Mbao ya mti wa kamfa nayo ilikuwa ya masanduku ya nguo, kwa harufu yake. Mbao zililetwa usiku, nami sikuuliza risiti. Fundi muulizaji hulala njaa, ndivyo nilivyojiambia.

Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori lilirusha ndege juu ya Mlima Kenya na Imenti. Kutoka angani waliona visiki vya kamfa, tanuri za makaa, na mashamba mahali pa msitu. Watu walikuwa wamepewa vipande walime viazi huku wakitunza miche. Penginepo miche ilikufa, viazi vikabaki. Nilipoisikia habari hiyo redioni nilikuwa nikipigilia misumari kitanda cha kamfa cha bibi harusi. Nikapunguza sauti, nikaendelea.

Marufuku ya kukata miti ya Februari 2018 ilinikuta mzee. Siku hizi natembea Imenti hadi kwa King Muuru, mti mkubwa kuliko yote ninayoijua, ambao wageni hupelekwa kuutazama. Wao hupiga picha. Mimi macho yanapanda shinani polepole, na kabla sijajizuia nimeshahesabu: vitanda hivi, milango hii.

Naona haya, naondoka.