Jakamoyo, si Wasiwasi

Zipo orodha za istilahi ambazo mtu akizisoma hudhani walioziandaa walikuwa wakichungulia saa ya chakula. Katika orodha za afya ya akili zinazozungushwa siku hizi, kile ambacho Waingereza hukiita "anxiety" kimepewa jina la wasiwasi, na maradhi yake yakaitwa ugonjwa wa wasiwasi. Kikao kikafungwa. Hakuna aliyeuliza kama neno hilo lina shughuli nyingine, wala aliyekumbuka kwamba jakamoyo limo katika kamusi zetu tangu zamani, likiwa na maana hiyohiyo inayotafutwa.

Wasiwasi ni neno la Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono. Sura ya mwisho ya Kurani yamtaja kwa jina hilo yule anayenong'ona vifuani mwa watu. Waislamu wa pwani hawajaipoteza maana hiyo: anayerudia udhu kila mara kwa kudhani hakukiosha kiwiko sawasawa husemwa kuwa ana wasiwasi. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi; humo hofu akaiwekea mlango wake, na wasiwasi wa kifuani akauwekea mlango mwingine. Waganga wa Kiarabu wa leo wamebaki hapohapo: waswasi kwao ni yale maradhi ya fikra zinazomrudia mtu bila hiari yake, na hali tunayoijadili huiita qalaq. Hata Marekani, ambako kamati zetu hupenda kutazama, chama cha madaktari wa akili kilipotoa toleo la tano la mwongozo wake mwaka 2013, kiliyahamisha maradhi ya fikra hizo kutoka sura ya jakamoyo na kuyapa sura yake yenyewe. Sisi tumeling'oa jina la chumba kimoja na kulipigilia misumari kwenye mlango wa chumba cha pili, halafu tunashangaa wageni wanapotea.

Wako wanaopendekeza msongo, na hoja yao ina mvuto. Kilatini angere, mzazi wa neno la Kiingereza na ndugu wa Angst ya Kijerumani, maana yake ni kubana, kukaba. Na kusonga ndiko huko. Lakini msongo wa mawazo umekwisha kuolewa na dhana nyingine, ile ya "stress", na istilahi moja haiwezi kukaa nyumba mbili. Hofu nayo haifai. Tangu mwanafalsafa Kierkegaard alipoandika juu ya jambo hili mwaka 1844, imekubalika kwamba hofu ina kitu chake, iwe nyoka au deni, ilhali hali hii humvaa mtu asiyeweza kuonyesha anachokiogopa. Kiherehere kingefaa sana zamani. Leo ukimwambia mgonjwa ana kiherehere atadhani unamtukana.

Sasa nitaambiwa kwamba wasiwasi hueleweka na kila mtu. Ndiyo ila yake. Methali yetu yasema wasiwasi ndio akili, yaani ni tahadhari ya mwenye busara. Na katika mazungumzo, "ondoa wasiwasi" ni neno la adabu kwa mtu anayengoja basi. Anayeamka usiku moyo ukimdunda na viganja vikitoka jasho akiambiwa vivyo hivyo, ameambiwa kwamba hana kitu. Tazama pia dodoso la maswali 7 linalotumika duniani tangu 2006 kupima maradhi haya: swali la kwanza ni la kuhisi jakamoyo, la pili na la tatu ni ya kushindwa kuacha kuwaza na ya kuwaza mno. Mfasiri mwenye wasiwasi peke yake mkononi atauliza swali moja mara tatu, na daktari atahesabu majibu matatu.

Nitaambiwa tena kwamba jakamoyo ni la kishairi na halijulikani. Sonona, jina la kile ambacho Waingereza hukiita "depression", lilijulikana na wangapi kabla ya hospitali na magazeti ya Tanzania kulishika? Huko Zimbabwe nako, mradi ulioanza Harare mwaka 2006 wa mabibi wanaoketi na wagonjwa kwenye mabenchi haukusubiri jina la Kizungu. Ulilitumia neno la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na watu wakaja. Pingamizi la maana ni moja tu: kwamba neno hili lina moyo ndani yake, na mgonjwa atadhani moyo wake ni mbovu. Lakini moyo kwa Mswahili si pampu tu. Ndiko tunakovunjika, tunakotiwa nguvu na tunakopiga konde. Na mgonjwa mwenyewe, kabla hajasikia istilahi yoyote, hushika kifua.

Kuhusu matumizi, machache yatosha: jakamoyo kwa hali na kwa maradhi, jakamoyo la ghafla kwa lile linalopanda kwa dakika chache, hofu kwa chenye sababu inayoonekana, na wasiwasi urudishwe kwa wenye fikra za kujirudia. Mshauri anayemfundisha mtu kupumua taratibu, kupunguza kahawa na kukisogelea hatua kwa hatua kile anachokikwepa ataeleweka upesi zaidi akisema "hili ni jakamoyo, na lina tiba" kuliko akisema "una wasiwasi". Wanaoandaa toleo lijalo la orodha hizo walifute neno lao, na safari hii waifungue kamusi kabla ya kupiga kura.