Umeandika Anwani ya Nani?

Mtu akishinda bahati nasibu ya grini kadi, ndugu humuuliza habari za tiketi na makoti. Mimi nimekuwa nikipokea wageni wa nyumbani hapa Houston tangu enzi za faksi, na swali langu la kwanza ni jingine: kwenye fomu umeandika anwani ya nani? Wengi hulishangaa. Wamekulia kwenye S.L.P. ya shule au ya kanisa, sanduku moja la watu chungu nzima, na barua isiyochukuliwa leo itachukuliwa wiki ijayo. Marekani makaratasi ya mgeni yamepitia posta kwa muda mrefu sana, na ukiijua historia hiyo huzifanyi anwani mchezo.

Mwaka 1936, serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilipoanza kugawa namba za hifadhi ya jamii, hii tunayoiita soshal, haikuwa bado na ofisi zake za kuenea nchi nzima. Posta ilikuwepo kila mji. Basi makarani wa posta ndio waliogawa fomu, wakazikusanya, na kadi zikapigwa taipu hukohuko. Miaka minne baadaye, Ulaya ikiwa vitani, ikapitishwa sheria ya kuwaandikisha wageni wote. Wenye miaka 14 na zaidi wakachukuliwa alama za vidole. Wapi? Posta tena. Walijiandikisha watu wapatao milioni 5. Risiti waliyopata haikusema kwamba mwenye nayo ana haki ya kukaa, ilisema tu kaandikishwa. Kadi ya kijani ya mkazi wa kudumu ilikuja baada ya vita. Mwaka 1964 ikageuzwa buluu, ikazunguka rangi nyingine, na ukijani ukarudi 2010.

Kuna kero moja ambayo wageni wa leo hawaijui. Tangu miaka ya 1950 hadi 1981, kila Januari mgeni alitakiwa kuchukua fomu posta na kuiarifu serikali anapoishi, hata kama hajahama nyumba kwa miaka kumi. Na Rais Jimmy Carter aliporudisha uandikishaji wa vijana wa kiume kwa ajili ya jeshi mwaka 1980, wenye grini kadi nao walihusika, na dirisha lilikuwa lilelile la kununulia stempu.

Bahati nasibu yenyewe ilitokana na sheria ya mwaka 1990. Sisi wa zamani tuliicheza kwa kalamu: jina, tarehe ya kuzaliwa, picha, saini, vyote ndani ya bahasha ya kipimo maalumu. Sharti lililowaponza wengi ni kwamba barua iende kwa posta ya kawaida tu. Mwenye pesa aliyetuma kwa rejista au kwa kampuni ya vifurushi, akidhani anajihakikishia, alikuwa amejitoa mwenyewe. Kompyuta ilichukua kazi hiyo mwishoni mwa 2003. Nayo haikuwa malaika: mwaka 2011 watu wapatao 22,000 waliambiwa wameshinda, kisha matokeo yakafutwa kwa sababu mashine ilikuwa imechagua karibu wote kutoka siku mbili za mwanzo.

Sasa nirudi kwa mgeni wangu. Wa miaka ile aliingia na bahasha ya ubalozi iliyofungwa, na picha ya eksirei ya kifua mkononi, akiogopa hata kuikunja. Nilimsisitiza asiifungue, inafunguliwa na afisa wa uwanja wa ndege. Afisa akishagonga muhuri kwenye viza, pasipoti yenyewe inatumika kama grini kadi kwa mwaka mmoja, kwa hiyo hakuna haja ya kukaa ndani kungoja kadi: kazi aanze, leseni atafute. Ada ya kadi, iliyoanza kutozwa mwaka 2013, hulipwa kwa kompyuta, na usipoilipa kadi haitoki. Mimi naiona ni kukamuana, maana mtu ameshalipa ubalozini na ameshamlipa daktari. Lakini lipa. Soshal huja yenyewe kama uliiomba kwenye fomu ya viza.

Na vyote viwili huja kwa posta, kwa anwani uliyoandika. Kwenye majengo ya kupanga, tarishi asipoona jina lako kwenye sanduku anaweza kuirudisha barua, kwa hiyo kipande cha karatasi chenye jina la mgeni nakibandika kabla sijaenda kumpokea. Barua za uhamiaji hazimfuati mtu aliyehama, hata akiiagiza posta imhamishie barua zake. Ile fomu ya Januari ilifutwa, ila sheria ya kutoa taarifa ndani ya siku 10 baada ya kuhama ipo palepale. Kijana akipata kazi Dallas kabla kadi haijafika, namkalisha kwanza mbele ya kompyuta abadilishe anwani, ndipo tuhangaike na magodoro.