Zana za Fundi Umeme, Mbinga hadi Mwambao wa Nyasa

Kabla ya njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako kufika Songea mwaka 2018, Mbinga ilitegemea zaidi jenereta za dizeli, na fundi umeme alibeba zana chache: koleo lenye mipini ya plastiki, bisibisi, nyundo, patasi, na testa, yaani bisibisi yenye taa ndogo inayowaka ncha yake inapogusa waya wenye umeme. Patasi ndiyo iliyochosha kuliko zote, kwa maana tofali la kuchoma humeguka ovyo, na mfereji ukipanuka kupita kiasi, bomba linalopitisha nyaya halitulii mpaka lishikizwe kwa misumari na kupigwa lipu. Rangi za nyaya nazo zilibadilika: nyekundu ya moto na nyeusi ya kurudisha zikaipisha kahawia na buluu, hivyo anayefungua swichi ya nyumba ya zamani hana budi kupima kwanza. Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya 2005, ulipopeleka umeme vijijini nchini, ilikuja UMETA, kifaa chenye swichi, soketi na kikata umeme, kinachofungwa katika nyumba ndogo bila kuchimba ukuta. Kwa kaya maskini, huo ulikuwa unafuu wa kweli.