Ufikiaji wa Faili Bila Uthibitishaji

Katika taarifa za usalama wa programu za viwandani kuna kasoro inayojirudia: mtu aliye mbali anasoma faili za kompyuta inayoendesha mtambo, na kompyuta yenyewe haimuulizi yeye ni nani. Ni rahisi kuiita "ufikiaji wa faili bila ruhusa", na wengi wetu huandika hivyo. Istilahi hiyo inampotosha fundi anayeitegemea.

Mgeni akipiga hodi, mwenye nyumba huuliza "Nani?" kabla ya kusema "Karibu". Swali lile ndilo uthibitishaji, na karibu ile ndiyo ruhusa. Programu inaweza kumtambua mtumiaji vizuri kabisa, kisha ikamfungulia faili asiyostahili kuiona; hapo kweli amefikia bila ruhusa. Kasoro tunayoizungumzia hutokea mapema zaidi: swali la "Nani?" halikuulizwa. Ukiandika "bila ruhusa", msomaji anamfikiria mvamizi na ujanja wake. Ukiandika "bila uthibitishaji", anajua kwamba programu ndiyo iliyomjibu kila aliyeuliza, na matengenezo yaanzie humo. Ndiyo maana nashikilia istilahi hii ya pili, ingawa ni nzito mdomoni.

Mfano mzuri ni InduSoft Web Studio, toleo la 7.1. Programu hiyo hutumika kutengeneza skrini anazozitazama mwendesha mitambo: maji yamefika wapi kwenye tangi, joto la tanuri ni kiasi gani, pampu ipi inazunguka. Ndani yake mna seva ndogo ya wavuti, NTWebServer, ili skrini hizo zifunguke kwenye kivinjari. Mwaka 2014 ilitangazwa kuwa seva hiyo ina kasoro, ikapewa namba CVE-2014-0780. Nukta mbili na mkwaju, yaani ../, katika anwani ya faili humaanisha "panda folda moja juu". Seva makini huikataa alama hiyo ikiona inamtoa mtu nje ya folda ya kurasa zake. Hii haikukataa. Aliyeirudia vya kutosha alitoka kwenye kurasa za wavuti, akazifikia faili za mradi za aina ya APP, na humo mlikuwa na nywila za usimamizi. Mbinu yenyewe naiita "upandaji wa folda", kwa kuwa ndicho kinachofanyika.

Wapo wanaoipuuza kasoro ya namna hii kwa sababu mvamizi "anasoma tu". Kusoma huko si kudogo hata kidogo. Aliyezipata nywila zile aliweza kuendelea hadi kuendesha programu zake mwenyewe kwenye kompyuta ileile.

Kuhusu kasoro yenyewe, nachagua "mwanya" kuliko "udhaifu". Udhaifu unaweza kuwa wa mfumo mzima, na meneja akiambiwa mfumo wake ni dhaifu hajui aanzie wapi. Mwanya una mahali pake, na mwanya huzibwa. Unakwenda vizuri pia na "kiraka", yaani sasisho la kuuziba, neno ambalo mafundi wa kompyuta wameshalizoea.

Lakini viwandani kiraka huchelewa. Mtambo unaofanya kazi usiku na mchana hausimamishwi kirahisi kwa ajili ya programu, na vifaa vingi vilibuniwa zama ambazo kila aliyekuwa kwenye waya alihesabiwa kuwa mwenyeji. Modbus, lugha ya mawasiliano ya mitambo iliyoanza mwaka 1979, haikuwekewa uthibitishaji wowote. Mwaka 2022, miaka minane baada ya kiraka cha InduSoft kutoka, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, liliuingiza mwanya huo katika orodha yake ya mianya inayojulikana kutumiwa na wavamizi.

Anayesubiri nafasi ya kusimamisha mtambo aiondoe NTWebServer kwenye intaneti leo, aiachie kompyuta chache zinazojulikana tu. Na siku kiraka kitakapowekwa, nywila zote zilizokuwa kwenye faili zile zibadilishwe siku hiyohiyo. Kiraka huzuia usomaji ujao; nywila iliyokwisha kusomwa iko mikononi mwa aliyeisoma.