Taa za Kibirizi na Jicho la Angani

Usiku wa Ziwa Tanganyika una ada yake. Giza la mwezi liingiapo, mitumbwi hung'oa nanga Kibirizi jua likizama, imebeba karabai au, siku hizi, taa za betri. Dagaa huufuata mwanga, na wavu huinuliwa kutoka chini yao. Mbalamwezi ikikolea wavuvi hupumzika, kwa kuwa taa ya Mola huzishinda zao. Asimamaye juu ya vilima vya Kigoma usiku wa giza huona mji wa pili umejengwa juu ya maji.

Nilipofika Kibirizi mwezi wa Julai 2024, mji huo haukuwapo. Nchi zinazopakana na ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikuwa zimeafikiana kulipumzisha ili samaki wazaliane, na upande wetu uvuvi ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani. Vichanja vya kuanikia dagaa vilikuwa vitupu. Wanaume waliozoea kulala mchana na kukesha majini hawakujua wafanye nini na usiku wao. Basi wakaingia katika banda la video, nami nikaingia pamoja nao.

Usiku ule ilioneshwa filamu ya maelezo juu ya maisha na kazi katika kituo cha anga cha kimataifa, kilicho umbali wa kilomita 400 hivi juu ya vichwa vyetu. Binadamu wameishi humo bila kukatika tangu Novemba 2000. Huizunguka dunia kwa muda wa dakika 90, wakaona macheo mara 16 kwa siku moja. Ziwa lenye urefu wa kilomita 670, ambalo meli kongwe ya Liemba ililikata kwa siku mbili na zaidi, chombo hicho kikilifuata kwa urefu wake chaweza kulimaliza kwa dakika moja na nusu.

Maoni ya watazamaji hayakungoja filamu imalizike. Walipooneshwa watu wakilala wima, wamefungwa katika mifuko ukutani, kijana mmoja alisema kwamba hao ni mabaharia, maana na yeye amelala hivyo hivyo mtumbwini siku ya dhoruba. Walipoambiwa kwamba mkojo na jasho husafishwa yakawa maji ya kunywa, banda lilipiga kelele. Kisha mtu akauliza kwa upole kama maji ya ziwa tunywayo sisi yamesafishwa na nani. Mama mmoja muuza dagaa alikuwa na jambo moja tu moyoni: wake na waume za watu hao hungoja vipi, na ni nani huwapelekea habari? Yeye aliwahi kungoja ufukweni.

Wengine walisema huo ni mchezo wa walioshiba. Nani atoe fedha kiasi hicho kwenda kuelea, na huku chini watu hawana unga? Walijibiwa kwamba hata habari za upepo na mvua hutoka huko juu. Mabishano yakapamba moto. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akauliza: "Wanangu, hao watu usiku wanaona taa za chini?" Wakamwambia naam, si wameziona katika filamu? Akasema: "Basi walipoona zetu zimezimika, walidhani tumekwenda wapi?"

Hapana aliyemjibu. Nami sikuwa na jibu, ila nilikumbuka historia ya kwetu Unguja, ambayo nachelea kwamba vijana wetu wengi hawaijui.

Mwaka 1960 Uingereza, iliyokuwa mlinzi wa Zanzibar, ilikubaliana na Marekani kijengwe kituo cha kufuatia vyombo vya angani, na kikajengwa Tunguu. Kilikuwa kimoja katika mnyororo wa vituo ulioizunguka dunia kwa ajili ya safari za Mercury, kikipokea zamu ya Kano, Nigeria, na kuikabidhi kwa meli iliyokuwa katika Bahari ya Hindi. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu. Alizungumza na Zanzibar kwa redio, akaliona jua likizama juu ya bahari yetu, na alipofika Australia watu wa mji wa Perth walikuwa wamemuwashia taa ili awaone.

Perth waliwasha taa, Unguja waliandamana. Wafuasi wa Hizbu walikipinga kituo kile, wakiamini kwamba ni kambi ya makombora itakayokivuta kisiwa katika vita vya wakubwa. Mtu aweza leo kuwacheka, kwa sababu makombora hayakuwapo. Walakini swali lao lilikuwa la haki: ardhi ni yetu, ni nani aliyetuuliza? Mkataba ule ulitiwa saini na wengine.

Mwezi wa Mei 1963 Gordon Cooper alipita juu yetu katika safari ya mwisho ya Mercury. Wakati huo wajumbe wa Afrika walikuwa wanakutana Addis Ababa, katika mkutano uliozaa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Cooper aliisalimu Afrika kutoka huko juu. Akasema kwamba yu zaidi ya maili mia juu yake, anapita Zanzibar, na kwamba dakika chache nyuma aliivuka Addis Ababa, akawatakia viongozi mafanikio. Ilikuwa salamu njema. Lakini ilishuka tu; haikuwekewa njia ya kupandia jibu. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya ilitaka kituo kiondoke, na mwezi wa Aprili kikafungwa.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mzee wa Kibirizi hakuwa na ugomvi na watu wa angani. Wala hakuwa na ugomvi na kulipumzisha ziwa. Yeye mwenyewe alisema samaki wamepungua, na kwamba mbalamwezi iliwapumzisha tangu zamani za babu zake. Tofauti ni kwamba mwezi humrudishia mvuvi giza lake baada ya siku chache, nao haumdai karo ya watoto kwa miezi mitatu. Alichotaka ni kwamba atazamaye kutoka juu, awe angani au ofisini, ajue kuwa chini ya kila taa pana mtu, na kwamba taa izimikapo, mtu huyo bado yupo.

Watu wa Pwani tuliisoma mbingu zamani: Kilimia kwa kulima, nyota kwa kusafiri, mwezi kwa ibada. Tulitazama juu. Karne iliyopita ilituletea jambo jipya, kutazamwa kutoka juu, na sisi bado hatujalitungia maneno ya kutosha. Washairi wa visiwani wana kazi.

Agosti ilipofika nusu, ziwa lilifunguliwa. Nilikwisha kurudi Unguja. Usiku ule nilitoka uani nikatazama juu, nikamjibu mzee kwa sauti ndogo: hawakwenda popote.